Hongera, Mwenye Pikapu

Marekani wamestaarabika: mtu hupandisha nyumba nzima, kitanda, jiko na choo, mgongoni mwa pikapu, akaenda zake porini. Wapo wakorofi wanaomtaka kwanza asome kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva, kinachotaja uzito usiozidishwa, abiria na mizigo pamoja. Tuseme kilo 700. Aliyeunda gari atajua nini kuhusu gari, mbele ya muuzaji mwenye tai?

Tena muuzaji ana ushahidi. Kijitabu chake kinasema nyumba ni kilo 900 tu, uzito mkavu, yaani kabla ya maji, mitungi ya gesi, sufuria na mama watoto. Tangi la lita 150 ni kilo 150, lakini maji, bwana, ni kimiminika. Nani alilemewa na kimiminika?

Springi zikilala, pua ya gari ikitazama mbingu, huo ni uchamungu. Taa nazo zitawamulikia bundi. Na kitanda kimelazwa kwa upana, juu ya kichwa cha dereva: anayelala upande wa ndani, haja ikimbana usiku, humruka mwenzake kama mwanariadha wa viunzi. Wengine hulipia mazoezi hayo kila mwezi.