Mafuta Hatutumii Siku Hizi

Hongera, shoga, kikaangio cha hewa kimeingia ndani. Lita nne, wati 1,500. Ukweli wake ni oveni ndogo yenye feni, ila ukisema oveni nani atakuja kukitazama? Mafuta umeyapa talaka. Chipsi zinatoka kavu, tunaambiwa ndiyo afya, kisha zinaogeshwa mayonesi bakuli zima, ambayo nayo, kama habari hazijakufikia, ni mafuta yaliyopigwa na yai.

Na zile bajia je? Rojo la unga wa dengu likapenya vitundu vya kikapu, likagandia chini kama lami. Chombo kile kinataka kitu kikavu: viazi viloweshwe, vifutwe hasa, vipakwe kijiko cha mafuta (naam, mafuta), vitikiswe vikifika nusu. Na visirundikwe. Sasa nyumba ya watu wanane, kikapu cha watu wawili: wa kwanza keshanawa mikono, wa mwisho anangoja awamu ya nne huku LUKU inalia. Karai tunasikia umeligawa. Mbona juzi sambusa zilinukia mpaka kwetu?