Marupurupu ya Kuhudhuria Shamba

Mkulima wa mpunga wa Wang'uru, Mwea, hajui haki zake. Hulipia maji ya mfereji, trekta na vibarua wa kufukuza ndege kabla hajaona gunia, na bado hajadai marupurupu ya kuhudhuria shamba lake mwenyewe. Wabunge wa Kenya wameerevuka zaidi. Mwaka 2013 Tume ya Mishahara iliwapangia shilingi 532,500 kwa mwezi; walitaka 851,000, wakatulizwa kwa ruzuku ya gari ya milioni 5 kila mmoja. Mwaka 2019 wakajipa 250,000 za nyumba kila mwezi, hadi Mahakama Kuu ilipoamuru mwaka uliofuata zirudishwe. Watetezi wao husema mbunge hubeba harambee, mazishi na karo za eneobunge zima, na kwamba mshahara mnono humkinga na rushwa. Karo ina mfuko wake wa maeneobunge, NG-CDF, tunaoujaza sisi kwa kodi. Na kama shibe ingekuwa chanjo ya tamaa, dozi ya kwanza ingetosha. Walipwe usafiri wa kweli, kwa risiti, na kiwango kipangwe na Tume, kama Katiba ya 2010 ilivyoagiza. Asiyeridhika, Mwea kuna kibarua cha kufukuza ndege: malipo ni ya siku, na marupurupu ya vikao hayapo kwa kuwa hakuna kuketi.