Milionea wa Pointi: Jinsi ya Kujua Una Shilingi Ngapi

Hongera! Simu inasema una pointi 48,000, sarafu za dhahabu zinamwagika kwenye skrini na kengele inalia. Kabla hujamtangazia shemeji kwamba umeukata, kaa kitako tupige hesabu. Ni hesabu ya shule ya msingi, ila programu hizi za kucheza gemu ulipwe zimejengwa ili usiipige. Fuata hatua hizi na utajua una nini mfukoni.

1. Anza na ukurasa wa kutoa pesa

Kabla ya kucheza gemu lolote, fungua sehemu ya kutoa pesa. Tafuta mambo matatu: ni pointi ngapi za chini kabisa unazoweza kutoa, ni sawa na dola ngapi, na zinalipwa kwa njia gani. Programu isiyokuonyesha hayo mpaka uwe umecheza wiki nzima, ifute.

Tuseme kiwango cha chini ni pointi 100,000 kwa dola 5, na dola moja ni Sh 2,500. Hizo ni Sh 12,500. Gawanya: pointi 8 ni shilingi moja. Basi pointi zako 48,000 ni Sh 6,000, na hata hizo huwezi kuzigusa, maana hujafika nusu ya kiwango cha kutolea.

2. Usibabaishwe na sifuri

Swagbucks, programu ya zawadi ya Marekani, huhesabu pointi 100 kuwa dola moja. Mwenye pointi 500 kule ana dola 5, sawasawa na mwenye 100,000 katika mfano wetu. Anayebuni programu ndiye anayeamua aweke sifuri ngapi, na sifuri nyingi humfanya mchezaji ajione tajiri. Ukiona namba ndefu, igeuze iwe shilingi palepale, ndipo ufurahi au unune.

3. Pima saa ya siku ya nne

Siku ya kwanza pointi hunyesha: 20,000 kwa kupakua gemu na kuvuka ngazi chache. Ukiichukua siku hiyo kuwa kipimo, utajiona uko karibu kumaliza. Mwenye gemu huilipa programu kwa kumletea mchezaji mpya, na huongeza malipo mchezaji akifika ngazi fulani. Wewe unapewa kipande cha fedha hiyo. Ukishazoea gemu, mwenye gemu anataka sasa wewe ndiye utoe pesa, ununue silaha, maisha na almasi. Hapo pointi hupungua na ngazi hurefuka.

Kwa hiyo subiri siku ya nne, weka saa, cheza dakika 60, kisha andika ulichopata. Ukipata pointi 2,000, hiyo ni Sh 250 kwa saa, ambayo haijafika hata robo ya sahani ya chipsi mayai. Kama bado unadaiwa pointi 80,000 kufikia kiwango cha kutolea, mbele yako kuna saa 40. Hiyo ni wiki nzima ya kazi ya kuajiriwa kwa Sh 10,000.

Usijilinganishe pia na kijana wa Marekani anayejisifu kwenye video. Watangazaji hulipa zaidi kwa mchezaji wa nchi ambako watu hununua vitu ndani ya gemu. Kazi ileile inaweza kumlipa yeye vizuri na wewe ukaambulia makombo.

4. Toa bando

Hapa ndipo wengi wanaumia bila kujua. Tangazo la sekunde 30 linakupa pointi 20, yaani Sh 2.50. Tuseme video hiyo imekula MB 5, na kwa kifurushi chako MB moja ni kama Sh 2. Umetumia Sh 10 kupata Sh 2.50. Ukitazama matangazo mia, utakuwa umelipa Sh 750 za kwako ili utangaziwe. Fungua mipangilio ya simu uone programu imekula MB ngapi, uzidishe kwa bei ya kifurushi chako, utoe kwenye mapato.

5. Fuata njia ya pesa mpaka mwisho

Dola 5 kwenye skrini zina safari. Kenya, tangu 2018, unaweza kuhamisha fedha kutoka PayPal, huduma ya malipo ya mtandaoni, kwenda M-Pesa, lakini kubadilisha dola kuna gharama yake. Zipo nchi ambako PayPal humruhusu mtu kulipa tu, si kupokea. Na kadi ya zawadi ya duka la Marekani hailipi nauli ya daladala. Kiasi kitakachobaki baada ya makato yote, kwenye simu yako, kwa shilingi, ndicho ulichopata.

6. Sarafu isiyo na bei usiihesabu

Machi 2024 gemu la Hamster Kombat lilianza ndani ya Telegram. Watu walimgonga panya wa kwenye skrini asubuhi na jioni, wakakusanya sarafu kwa mamilioni, wakisubiri siku zitakapogeuzwa fedha. Siku hiyo ilifika tarehe 26 Septemba 2024. Sarafu halisi, HMSTR, ilianza kuuzwa kwa takriban senti moja ya dola, na wengi waliogonga kwa miezi walijikuta na dola chache tu. Mamilioni yale ya ndani ya gemu hayakuwa na bei hata siku moja kabla ya hapo.

7. Usilipe ili ulipwe

Ukiambiwa uweke pesa kwanza ili "kufungua akaunti" au kupanda daraja, kimbia. Tanzania, watu waliweka fedha zao katika mpango wa mtandaoni uitwao LBL wakiahidiwa malipo kwa kutazama vipande vya filamu, na Februari 2025 polisi wakaanza kukamata watu waliohusika nao. Programu inayokulipa kwa kutazama matangazo inapata fedha kwa watangazaji. Haina sababu ya kuomba yako.

Sasa amua

Una namba moja mkononi: shilingi kwa saa, baada ya bando na makato. Iweke kando ya kitu kingine unachoweza kufanya saa hiyohiyo, iwe kumsaidia mama dukani, kujifunza kushona au kulala. Kama gemu linakufurahisha, licheze kwa raha zako, na pointi ziwe nyongeza. Kama hulipendi na unacheza kwa ajili ya pesa tu, na hesabu imekuambia Sh 250, lifute leo. Wewe kijana una saa chache za nguvu kwa siku, na zina thamani kubwa kuliko hiyo.