Sifa za Pasi ya Mkaa, Mkaguzi wa Jezi

Pasi ya mkaa ni sanduku la chuma kizito lenye kitako bapa kilichochongoka mbele, mfuniko wa bawaba, mpini wa mti na matundu ya hewa ubavuni. Mfuniko hufungwa kwa komeo, na katika pasi nyingi komeo hilo lina umbo la jogoo, ndege ambaye kazi yake huko juu haijulikani isipokuwa kuunguza vidole vya wanaomshika. Chombo hiki kinafahamika vyema Masasi, mji uliozungukwa na miamba mikubwa, na hata Newala, iliyo juu ukingoni mwa uwanda wa Makonde, bonde la Ruvuma likiwa chini yake na Msumbiji ng'ambo. Kimenyoosha kanzu za Ijumaa na suti za Jumapili, sare za shule na magwanda ya mgambo, na kwa kazi hizo kimepata shukrani za kawaida. Kazi yake iliyo kubwa kuliko zote haijapewa neno la heshima hata moja, matusi tu. Kazi hiyo ni kuunguza jezi za mpira.

Sifa ndogondogo zipite haraka. Pasi ya mkaa haiulizi luku imebakiza uniti ngapi, wala haizimiki umeme unapokatika mchana wa fainali. Gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982 katika mkoa huohuo wa Mtwara zilimo Masasi na Newala, husafirishwa kwenda Dar es Salaam kwa bomba la zaidi ya kilomita 500. Mkaa wa pasi huja kwa baiskeli kutoka kijiji cha jirani, na hufika. Joto lake huua mayai ya yule nzi anayetaga kwenye nguo mbichi zilizoanikwa chini, ambaye funza wake huingia katika ngozi ya mtu na kuvimba mithili ya jipu. Hiyo ni faida ya kweli isiyo na mzaha. Huimarisha mkono wa kulia. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024 kwa lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034, hauigusi kabisa, maana pasi haipiki. Wapo wachezaji wangelibisha hilo.

Sifa kuu ni ukaguzi. Serikali ya Tanzania ina Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ofisi iliyowekwa na ibara ya 143 ya Katiba ya mwaka 1977. Mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni, taarifa ya mkaguzi humfikia Rais mwishoni mwa Machi inayofuata, kisha huingia bungeni. Jambo lililoharibika Julai, mwanzoni mwa mwaka wa fedha, huweza hivyo kukaa zaidi ya mwaka mmoja na nusu kabla halijaitwa hoja. Pasi ya mkaa huifanya kazi hiyohiyo kwa muda wa mtu kugeuka kuitikia hodi. Haidai posho ya kujikimu wala gari lenye dereva. Haifanyi kikao cha kuanza ukaguzi na kingine cha kuufunga, vyote vikiwa na chai. Hugusa, na taarifa imetoka. Halmashauri iliyopewa hoja hupewa pia nafasi ya kuijibu kwa viambatisho. Jezi iliyopewa hoja na pasi hujibu kwa moshi.

Hati zake nazo hufuata utaratibu unaojulikana. Hati inayoridhisha hupewa pamba. Kanga, shuka na shati la pamba huvumilia joto la nyuzi 200 za Selsiasi hivi, ndiyo maana lebo zake huwa na alama ya pasi yenye vidoti vitatu. Hati yenye shaka huenda kwa sare ya shule ya kitambaa mchanganyiko, ambayo hutoka ikiwa na mng'aro usio na maelezo. Hati isiyoridhisha ni ya jezi. Aina ya nne, ile ambayo mkaguzi hushindwa kutoa maoni, pasi ya mkaa haijapata kuitoa.

Sababu za jezi kufeli ni za kikemia. Jezi ni poliesta, na poliesta ni plastiki: uzi ulioombewa hataza Uingereza mwaka 1941 kwa kazi ya John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, wa dutu ileile inayotengenezewa chupa za maji ya kunywa. Huyeyuka kati ya nyuzi 250 na 260, lakini huanza kulegea na kunata mapema zaidi, na lebo iliyoandikwa kwa uaminifu humtaka mpiga pasi asizidi 110, au 150 kama kitambaa ni kizuri. Pasi ya umeme ina kitufe cha kuzungusha ili kulitimiza ombi hilo. Pasi ya mkaa ina jogoo. Anayetaka kuipunguza moto hufungua mfuniko na kutoa makaa, na anayetaka kuupima hudondoshea tone la maji kitakoni na kusikiliza. Mlio huo hautaji idadi ya nyuzi.

Yanayokaguliwa hayana budi kuelezwa nayo. Jezi nyingi za timu za vijijini hazinunuliwi na wanaozivaa. Huja kwa seti ndani ya mfuko wa nailoni, hasa mwaka wa uchaguzi, kwa ajili ya kombe lililopewa jina la mheshimiwa aliyezileta. Kifuani pana picha yake. Mgongoni pana namba, na chini ya namba pana jina lake tena, kwa faida ya watakaomwona mchezaji akikimbilia upande mwingine. Hukabidhiwa uwanjani mbele ya kipaza sauti, na katika hotuba huitwa jezi bora, za kisasa, za kiwango cha kimataifa. Hotuba hiyo ndiyo hesabu iliyowasilishwa, na pasi ndiyo inayoipitia.

Hoja ya kwanza huwa juu ya picha. Picha ya bei nafuu haikuzamishwa ndani ya uzi. Imebandikwa juu yake kwa joto la nyuzi 150 au 160, na kilichobandikwa kwa joto hubanduka kwa joto. Pasi ikipita, shavu moja la mheshimiwa huondoka na kitako na jingine hubaki kifuani. Hoja ya pili huwa juu ya kitambaa, ambacho ni chembamba kiasi cha mtu kuhesabu vidole vyake kupitia upande wa pili. Hoja ya tatu ni ile ambayo mkaguzi yeyote mwangalifu angeanza nayo: kwa nini jezi hii ilipigwa pasi?

Maana poliesta haikunjamani. Ikifuliwa, ikakung'utwa na kuanikwa kivulini kwenye kamba, hukauka imenyooka yenyewe. Hiyo ndiyo sifa iliyoifanya ienee duniani. Hakuna mchezaji anayeipiga pasi jezi kwa ajili ya mpira, kwani dakika ya tatu tayari ina vumbi jekundu hadi kwenye kola. Hupigwa pasi kwa sababu kamati imeagiza. Mgeni rasmi atafunga mashindano, timu zitapanga mstari, yeye atapita akishika mikono, na katibu ametangaza kwamba atakayekuja na jezi iliyojikunja hatapangwa. Ndipo kijana anapokwenda kuazima pasi kwa jirani saa mbili usiku, kibatari mkono mmoja na makaa mkono mwingine, ili uso wa mtu fulani usionekane na mikunjo.

Hapa ni vigumu kuziendeleza sifa kwa sauti ileile. Timu hizi zinahitaji uwanja uliong'olewa visiki. Zinahitaji nyavu, mpira wa akiba, sanduku la huduma ya kwanza lenye kitu ndani yake. Zinahitaji soksi! Kinachokuja ni jezi: 2015 jezi, 2020 jezi, 2025 jezi, kwa kuwa soksi haina mahali pa kubandika uso wa mgombea, na nyavu zinapitisha upepo na picha pia. Goli linabaki miti miwili na kamba, kipa anarukia changarawe, na kabati la katibu limejaa vifua vya watu walioomba kura. Hakuna aliyewahi kuulizwa kama alihitaji jezi. Na kijana akiiunguza moja, anaitwa mbele ya kamati kama aliyechoma ghala la korosho.

Matengenezo ya jezi iliyoungua huanza na pasi yenyewe, kwa sababu kitako chenye plastiki iliyonata kitaipaka nguo inayofuata. Kingali cha vuguvugu, husuguliwa kwa mshumaa kisha hufutwa kwa karatasi au kitambaa kikuukuu. Wengine hutumia jani la mgomba, na hufaa. Jezi yenyewe haibanduliwi ikiwa bado ya moto. Anayeivuta kwa pupa huondoka na kitambaa kilichokuwa kimepona, na doa la ukubwa wa sarafu huwa dirisha.

Kisha jeraha hutambuliwa ni la namna gani. Mng'aro maana yake ni kwamba nyuzi zimelazwa bapa bila kuyeyuka kabisa. Mvuke na brashi laini huupunguza kidogo, lakini hauishi, na hakuna sabuni, limau wala magadi ya kuurudisha uzi wa plastiki mahali ulipokuwa; wanaouza dawa hizo mnadani wanauza maji. Ugumu, yaani pale kitambaa kinapokuwa kikavu na kinapasuka kikikunjwa, ni nyuzi zilizoungana na kuwa kitu kimoja. Hapo hapaponi. Hukatwa. Tundu ni ugumu ambao pasi imekwisha kuukata yenyewe.

Ukataji hufanywa kwa mkasi mkali au wembe, kupita ukingo mgumu wote hadi kwenye kitambaa laini, kwani mshono uliopita kwenye ukingo mgumu hutoboa mstari wa kuchanikia. Kiraka bora ni cha kitambaa cha aina ileile: huchukuliwa kwenye upindo wa ndani au kwenye jezi iliyokwisha kazi. Jezi ni kitambaa cha kufuma na huvutika zaidi upande mmoja, basi kiraka hulazwa mvutiko wake ukifuata wa jezi. Kikienda mshazari, kifua hujikunja mchezaji anapoinua mikono kurusha mpira. Uzi uwe wa poliesta. Mshono uwe wa zigizaga, ambao huvutika pamoja na nguo. Cherehani nyingi za kukanyaga zilizo kwenye baraza za maduka Masasi na Newala hushona mstari mnyoofu tu, na fundi mwenye akili hulikwepa hilo kwa kushona kwa mkono, mishono mifupi ya mshazari, kazi ya nusu saa kwa anayeijua. Kitambaa cha kubandika kwa gundi ya moto kisitumike. Kinahitaji pasi.

Vitabu hushauri kwamba safari nyingine kitambaa cha pamba chenye unyevu kiwekwe kati ya pasi na jezi. Ushauri ni sahihi. Uliandikwa mahali penye bomba, si juu ya uwanda wa Makonde, ambao mchanga wake huinywa mvua yote na ambao tangu mradi wa maji wa miaka ya 1950 huletewa maji kwa pampu kutoka chini ya mteremko.

Mahali pa kiraka hapachaguliwi. Pasi hutulia palipo papana, na palipo papana ni kifuani, kwa hiyo kiraka huangukia usoni pa mheshimiwa. Rangi inayolingana hupatikana mara nyingi kwenye jezi ya kampeni iliyotangulia, na fundi asiye na muda wa siasa anaweza kumshonea mgombea wa 2020 paji la uso la mgombea wa 2015, wote wawili wakitabasamu.

Kwa sheria za mchezo jezi kama hiyo haina kosa. Sheria ya nne ya soka inadai jezi yenye mikono na rangi zinazotofautisha timu na timu. Juu ya viraka haisemi neno. Inachokataza, na kwa maneno ya wazi, ni maandishi na picha za kisiasa, za kidini au za binafsi kwenye vifaa vya mchezaji. Maana yake ni kwamba jezi ilikuwa na kasoro siku ile ilipokabidhiwa kwenye kipaza sauti, na ikapata uhalali usiku ilipoguswa na pasi. Waamuzi wote wa makombe haya wamesoma sheria ya nne. Pasi peke yake ndiyo imeitekeleza.

Limebaki suala la malipo. Kombe huwa na fungu la jezi, la maturubai, la spika na la chakula cha mgeni rasmi. Fungu la matengenezo halimo. Uzi, kiraka na ujira wa fundi hutoka mfukoni mwa mchezaji. Mashindano yakiisha katibu huzipokea jezi, huzihesabu na kuandika katika daftari kwamba namba saba imerudishwa ikiwa na uharibifu. Mbele ya maandishi hayo kuna nafasi ya jina la anayetakiwa kutoa maelezo, na jina linaloandikwa ni la mchezaji.