Jogoo wa Upendo

Koti langu la suti bado linanuka kinyesi cha kuku, na dobi kasema doa la kifuani halitoki. Jogoo mwenyewe nilikabidhiwa na jirani yangu mbele ya usharika mzima, kwa kipaza sauti: "Namnunulia jirani yangu huyu, kwa upendo!" Akina mama wakapiga vigelegele. Ikanibidi nimchekee mtu ambaye tangu masika hatusalimiani, kisa masale ya mpakani yaliyohama usiku yakaingia upande wangu. Uchagani masale hupandwa mpakani, na jani la sale ndilo hilo hilo la kuombea msamaha: ukiletewa, hukatai. Jirani hakuleta jani. Kaleta jogoo, ambaye mila haimtambui.

Asiyewahi kusimama kwenye mnada wa kanisani hajui mtego ule ulivyosukwa. Asiye na fedha huleta sadaka ya shambani: mkungu wa ndizi, mayai, maziwa, kuku aliyefungwa miguu. Ibada ikiisha vinatolewa uwanjani, mzee wa kanisa ananadi. Bei na soko havijuani. Jogoo wa elfu ishirini anafika sitini, na mnunuzi akishapata joto anatamka, "Namrudisha!" basi ananadiwa upya, nimeshuhudia nanasi likirudishwa mpaka likalainika. Huna kitu mfukoni? Karani anaandika jina, utatuma kwa simu. Lakini ufundi wenyewe uko hapa: ukishanunuliwa kitu, unadaiwa. Hakuna anayekwambia. Kipaza sauti kinakugeukia tu, na watu wote wananyamaza. Nikamnunulia jirani trei ya mayai kwa elfu arobaini, nauli na ada ya mtoto humo humo. Akaipokea, akaiinua juu ionekane, akairudisha inadiwe tena, kwa jina lake. Makofi yake yalizidi yangu.

Na neno la siku lilikuwa 1 Wakorintho 13! Mwinjilisti alitutaka kila mmoja aweke jina lake palipo na upendo, asikie kama bado inasomeka. Langu lilikwama pale pa kutoweka hesabu ya mabaya. Hesabu ninayo, na ina tarehe.



Sura hiyo tunaipenda, hasa harusini. Ila Paulo aliiandika akiwa Efeso, na sura mbili nyuma alikuwa akiwakaripia Wakorintho hao hao: wenye nacho walikula wakalewa kwenye chakula cha Bwana, maskini wakabaki na njaa. Nayo sura ya 11 tunaisoma kila Meza ya Bwana, lakini tunaanzia mstari wa 23, makaripio yakiwa yamekwisha kupita salama.

Jumapili ile ile bibi mmoja mjane alikuja na mkungu wa ndizi kichwani, kapandisha nao kilima. Haukushindaniwa. Ulikwenda kwa elfu tatu, na kipaza sauti hakikumtaja aliyeuleta. Jina lake lipo kwingine, kwenye ubao wa matangazo, katika orodha ya wasiomaliza ahadi ya jengo. Nikamwuliza karani kwa nini zile ndizi hazipunguzi deni lake. Akanieleza kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni, kwamba fedha ya mnada huingizwa kwenye namba ya bahasha ya mnunuzi.