Nimeokoka, Mpangaji Bado Yumo: Mwongozo wa Kutunza Dhambi Moja

Hongera kwa kuokoka. Bia umeacha, dansi umeacha, namba za simu zilizostahili kufutwa umezifuta, na jirani aliyezoea kukuita kwa jina la utani sasa anakuita mlokole, neno tulilolitoa kwa Waganda, ambao kwao mulokole ni mtu aliyeokolewa. Imebaki ile moja. Unaijua. Imepanga chumba cha uani, kodi hailipi, na kila mhubiri anapoita watu mbele kutubu, yenyewe huvuta mlango taratibu na kuzima taa.

Mwongozo huu haukufundishi kuifukuza. Vitabu vya kuifukuza vimejaa kwenye meza nje ya kanisa, kando ya kalenda. Mimi nakufundisha kukaa nayo miaka 30 huku ukiaminiwa funguo za ofisi ya usharika. Nina uzoefu.

Tuanze na sarufi, maana ulokole wa wengi wetu umesimama juu ya viambishi. "Nimeokoka" ina -me-, ile ile iliyomo kwenye "nimeshiba" na "nimeoga". Ukiiachia hivyo utapata taabu, kwa sababu nimeshiba ya saa nane mchana ni uongo ikifika saa mbili usiku, na nimeoga ya asubuhi haifiki adhuhuri kwa joto la Dar es Salaam. Wewe isome kama "nimezaliwa": jambo limekwisha, cheti kimetoka, hakuna wa kuuliza tena. Kuanzia hapo ushuhuda wako wote uende kwa -li-. Nilikuwa mlevi. Nilikuwa mkorofi, mke wangu ni shahidi. Dhambi ya kushuhudia ni kama ng'onda, sharti ikauke kabisa kabla ya kusafirishwa, isije ikadondosha damu kwenye zulia la madhabahu. Miaka saba juani inatosha. Mwiko ni -na-. Mtu anayesimama ibada ya pili na kusema "ninaiba" anawakosesha wenzake amani: mpiga kinanda hajui aanze wimbo gani, na kiongozi wa ibada hajui kama aseme amina au aite wazee.

Hapa utakutana na kikwazo cha Paulo. Katika sura ya saba ya Waraka kwa Warumi mtume anajieleza kama mtu aliyegawanyika, moyo unakwenda huku na mikono inakwenda kule, na yote hayo ameyaweka katika wakati uliopo bila kutuonea huruma. Wafafanuzi wamebishana kwa karne nyingi: ni Paulo kabla ya kumjua Kristo, au baada? Wewe shikilia kabla. Usimfuate askofu Augustine, ambaye alianza vizuri. Mwanzoni aliona sura ile inamhusu mtu aliye chini ya sheria, asiyefikiwa bado na neema; baadaye, katika mabishano na wafuasi wa Pelagius, akageuka na kusema ni mwamini, hata mtume mwenyewe. Nadhani uaskofu ulikuwa umemfundisha kitu. Wengi wanamjua kwa mapeari aliyoiba akiwa na miaka 16, kisa salama, ng'onda safi. Wachache wanafika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, ambako askofu huyo huyo wa Hippo anayaacha yaliyopita na kuanza kuhesabu yanayomnasa wakati ule ule anaoandika: chakula, utamu wa nyimbo kanisani, raha ya kusifiwa na watu. Kitabu hicho usikiguse.

Ikitokea umefumaniwa, lugha yetu imekuandalia mlango wa dharura: shetani alinipitia. Angalia kitenzi. Kupita. Shetani wa Kiswahili hana makazi. Ni kama gari la usiku, limekuja, limekugonga, limekwenda, na hakuna aliyeshika namba zake. Paulo, kwa bahati mbaya, ametumia kitenzi kingine. Anasema dhambi inakaa ndani yake. Inakaa, kama mtu akaavyo Temeke au Mbagala. Ina mtaa na ina mjumbe wa nyumba kumi. Waswahili walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huyu wako ameshakula Pasaka nne.

Kwa hiyo usimwite kwa jina lake. Hasira iite msimamo. Ubahili uite uwakili, neno zuri la Biblia linalotosha kabisa kumcheleweshea dada wa kazi mshahara mwezi wa pili huku ukimhimiza asikose ibada. Umbeya ni hitaji la maombi, na kadiri unavyotaja jina, mtaa na rangi ya geti, ndivyo maombi yanavyokuwa mahususi.

Yote hayo yatakuwa mepesi kama dhambi yenyewe uliichagua kwa busara. Chagua isiyonuka mdomoni na isiyovimba tumboni. Nimekulia katika sharika za Kilutheri, na nimewaona wasichana wakisimamishwa mbele ya watu watubu ili warudi kundini, tumbo likiwa limewatangulia. Nilikuwa benchi la tatu, moyo umejaa husuda kama gunia la mkaa lililoshonwa na kamba juu, na hakuna aliyenigusa. Aliyeshirikiana na msichana, mara nyingine, alikuwa hatua kumi nyuma yake kwenye kwaya, akishikilia sauti ya tatu. Husuda haina kliniki. Ukisoma Wagalatia sura ya tano utaona Paulo ameyapanga matendo ya mwili bila adabu: wivu, hasira na fitina amezibana katikati ya uchawi na ulevi, kana kwamba zote ni watoto wa tumbo moja. Sisi tumerekebisha. Ulevi tunauitia kikao cha wazee. Fitina mara nyingi ndiyo inayokiendesha kikao hicho. Ulafi, ambao nao umo kwenye orodha, tunaupikia pilau.

Lakini salama kuliko zote ni dhambi ambayo mji mzima umekubaliana isiitwe dhambi. John Newton, Mwingereza aliyetunga Amazing Grace, alimlilia Mungu katika dhoruba baharini Machi 1748, na mpaka uzee wake aliihesabu siku hiyo kuwa mwanzo wa wokovu wake. Halafu akapanda cheo. Akawa nahodha wa meli za watumwa, akiwasalisha mabaharia Jumapili huku chini ya mbao alizosimama wamelala watu wenye minyororo. Alidumu katika kazi hiyo mpaka 1754, na kilichomtoa ni ugonjwa. Dhamiri haikuwa na haraka. Kijitabu chake cha kuikemea biashara ile, na kujikemea mwenyewe ndani yake, kilitoka 1788. Miaka arobaini tangu dhoruba. Siwezi kumwita mnafiki kwa ile maana tunayoipenda, ya mtu anayejua na kuficha. Alisali kweli. Hapa naomba nipunguze kicheko kidogo, maana sijui mimi nasali nikiwa nimesimama juu ya mbao gani.

Turudi kazini. Kuna fundisho moja linaloweza kuharibu mpango wote, na ajabu ni kwamba limetoka kwetu. Martin Luther, alipokuwa akiufundisha Waraka kwa Warumi kule Wittenberg kati ya 1515 na 1516, alimweleza Mkristo kuwa ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Kwa Kilatini linasikika kama fumbo la wasomi. Kwa Kiswahili linauma, kwa sababu pande zote mbili zinaanza na mwenye. Mwenye haki, mwenye dhambi, mwenye nyumba: mtu mmoja, hati moja. Na haki hiyo, kwa Luther, si akiba aliyoiweka mtu kidogo kidogo. Ni ya Kristo, naye mtu huvikwa kama maskini anayevishwa kanzu ya harusi ya mwenzake.

Umeiona hatari? Kama jina langu la Mkristo halikutokana na usafi wa chumba cha uani, basi sina sababu ya kuzima taa. Naweza kumtaja mpangaji, jina lake na kabila lake, na bado nikaitwa mwana. Ulokole wetu wa funguo na vyeo hauwezi kubeba jambo la namna hiyo. Sisi jina letu tumelishona kwa vitambaa vya yale tuliyoyaacha, ndiyo maana tusiyoyaacha hatuwezi kuyakiri: tukivuta uzi mmoja tutabaki uchi mbele ya kwaya ya vijana.

Ukibanwa na Mlutheri aliyesoma, mnukulie nusu. Mwaka 1521, akiwa mafichoni katika ngome ya Wartburg, Luther alimwandikia rafiki yake Philipp Melanchthon kwamba atende dhambi kwa ujasiri. Ishia hapo hapo. Barua inaendelea kumtaka awe na imani yenye ujasiri mkubwa zaidi, lakini watu wana shughuli, foleni ya kwenda Tegeta unaijua.

Wengine wa kuwaepuka ni babu zetu katika ulokole. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana Namirembe na daktari mmoja Mwingereza, Joe Church, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Miaka iliyofuata moto wa uamsho ukawaka Gahini, Rwanda, kwenye kituo cha misheni alikokuwa akifanya kazi Church, na ambako Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, alikuwa mwalimu mpaka alipofariki Januari 1936 akiwa kijana. Ukaenea Uganda na Kenya, ukavuka hadi Buhaya. Watu wale hawakuwa na adabu ya -li-. Walisimama wakataja kitu, kiasi na mwenyewe. Walirudisha walivyoiba, wakalipa madeni ambayo mdai alikwishayasamehe kwa kuchoka, na wamisionari wakawaomba Waafrika msamaha kwa kiburi chao, jambo ambalo katika miaka ile ya ukoloni lilikuwa kama jua kuchomoza magharibi. Hayo waliyaita kutembea nuruni. Wakawa kero, kama unavyotegemea. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi 26 waliokataa kunyamaza, William Nagenda akiwa mmoja wao.

Siwapambi. Hata kukiri hadharani huweza kugeuka mashindano, mtu akatafuta dhambi nono kuliko ya jirani yake ili naye aimbiwe. Lakini wale angalau walishindana kwa kupoteza.

Dawa yao ni kiambishi cha mwisho katika somo letu: tu-. Tubu kwa wingi. Tumekosa, tumepotoka, tumepungukiwa. Tu- ni kama bili ya watu arobaini hotelini. Kila mmoja anachangia kidogo na hakuna atakayejua nani aliagiza kuku mzima. Mimi nimeitumia kila Jumapili, sauti ikiwa nzito, macho yamefumbwa, na gunia langu la mkaa halijapungua hata kijiko.

Jumamosi iliyopita jumuiya yetu ilikutana kwa jirani, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baadhi yetu bado tuna kanga na vikoi vya usiku ndani ya makoti. Ukafika muda wa shuhuda. Yangu ilikuwa tayari, ya mwaka 2009, kisa cha fedha za watu nilizozirudisha, ng'onda yangu bora, imezunguka sharika tatu na haijawahi kukosa haleluya. Kabla sijanyanyuka akasimama bibi mmoja anayekaa nyuma ya soko.

"Namchukia mkwe wangu," akasema. "Hajanikosea kitu. Leo nimeamka naye hapa," akagusa kifua, "kabla hata sijapiga mswaki."

Akakaa.

Kiongozi akafungua kitabu cha nyimbo, akakifunga. Mtu mmoja alianza kusema bwana asi, akaishia njiani. Aliyesikika ni jogoo wa nyumba ya pili. Tukaomba, kila mtu kwa sauti ya chini kuliko kawaida, na ushuhuda wa 2009 nikarudi nao mfukoni.

Wakati wa chai yule bibi ndiye aliyeshika birika. Alinimiminia kikombe, akanisogezea sahani ya mihogo, akanitazama bila haraka.

"Na wewe, mwanangu?"

Nikamwambia chai ina moto mno, ngoja kwanza ipoe.