Suruali ya Marehemu

Masikio bado yananiwaka. Juzi, mlangoni pa uwanja wa ndege wa Isiolo, niliinua mikono yote miwili kama mtu anayeombewa, na suruali ya marehemu rafiki yangu ikanishuka mpaka magotini. Wala haikuanguka kwa kishindo. Ilishuka polepole, kwa adabu, kama ndege inayotua.

Mlinzi alikuwa kijana mwenye heshima zake.

"Unasafiri wapi, mzee?"

"Sisafiri. Nimekuja kwa ajili ya marehemu."

Akavua kofia. "Pole sana. Mwili uko kwenye gari gani?"

"Mwili tulishauzika Oldonyiro."

Akairudisha kofia kichwani, akaniangalia upya.

Nikapita kwenye mashine ya ukaguzi, ikalia. Nikatoa simu, ikalia. Nikatoa sarafu, nikavua bangili ya shaba, ikalia kama mbuzi aliyepotezwa na mama yake. Ukabaki mshipi wa shanga wenye bizimu la chuma pana kama kiganja. Nao ndio ulioishikilia suruali ile, kwa maana marehemu alikuwa mtu wa mwili na mimi ni mifupa na matumaini. Nikaufungua. "Inua mikono, mzee." Nikainua. Nyuma yangu mtoto akauliza, "Mama, huyu babu anaoga?"

Marehemu tulimwita Rubani, ingawa aliogopa kupanda hata ngamia. Kazi yake ilikuwa kununua mbuzi soko la Oldonyiro, na ndoto yake ilikuwa kufika Duxford, Uingereza, kwenye makumbusho yenye Concorde, ndege ya abiria iliyopita mwendo wa sauti na ambayo haijaruka tangu 2003. Picha yake aliibandika ndani ya kifuniko cha sanduku la nguo. Mimi nauli ya Duxford sina. Ya Isiolo ninayo.

Na Isiolo alikuwa na kesi nayo. Uwanja ulipofunguliwa 2017 tuliahidiwa kwamba miraa ya Meru na nyama yetu zitapandia hapa. Miraa haina subira: ikipita siku mbili imekuwa majani tu, ndiyo maana zile pikapu zinazokimbia Nairobi hupita kama zimeiba. Rubani aliuliza swali moja: njia ya kurukia ina urefu gani? Akaambiwa mita 1,400 hivi. Akacheka mpaka akakaa chini. Ya Jomo Kenyatta, Nairobi, ina zaidi ya mita 4,000.

Alinifundisha sababu yake tukiwa juu ya lori la mbuzi, kwenye njia ya Kipsing, mkononi ameshika mfuniko wa sufuria wa mama mmoja abiria. Aliulaza bapa, ukatulia. Akauinua kidogo ukingo wa mbele, mkono mzima ukapaa. "Unaona? Bawa linausukuma upepo chini, upepo unalipa kwa kulisukuma bawa juu." Shida ni kwamba hewa ya joto ni nyepesi, na ya mahali pa juu ni nyepesi zaidi. Bawa linapata kidogo cha kusukuma, pangaboi inapata kidogo cha kushika, injini inapata kidogo cha kuvuta. Ndege yenye mzigo, saa saba mchana Isiolo, ni mbuzi anayekimbia kwenye mchanga wa laga, mto wa msimu: miguu inakwenda, mwili haufiki. Inahitaji kukimbia mbali zaidi ndipo ipae, au ishushe mzigo. Na mzigo ndio miraa yenyewe. Alipofika hapo akauinua ukingo zaidi kidogo, na mfuniko ukaondoka. Uliruka vizuri sana. Tuliufuata kwa macho mpaka ukazama kwenye migunga.

Nilicheka wakati ule. Sicheki ninapokumbuka kwamba mtu aliyejua haya yote alifia kando ya laga ya njia hiyohiyo ya Kipsing, usiku wa mvua, gari limezuiwa na maji, anahema kwa tabu, nasi tunamulika maji kwa tochi za simu tuone kama yamepungua. Hayakupungua. Njia ya ndege tumewekewa lami. Ya mgonjwa inangoja mto ukauke.

Juzi hapakuwa na ndege. Nikapandisha suruali, nikasimama dirishani, nikaitazama lami tupu inavyotetemeka kwa joto, nikamwonyesha Rubani kwa kidole, mlinzi akiniangalia. Nikarudi zangu. Njiani lori la mbuzi nililopanda liliharibika. Mbuzi alikula tikiti yangu.

Mama wa mfuniko alinikuta kituoni Oldonyiro. Deni la marehemu, anasema, hulipwa na anayevaa nguo zake. Shilingi mia tatu. Nimelipa mia, nyingine nitatoa soko lijalo.